Ile Isiyotuna Kwenye Shati

Husby, Stockholm

Kaka Optatus,

Picha zako za bastola zimefika, zote mbili. Unasema huko Houston wenzako wote kazini wanatembea nazo, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuchagulia suti ya harusi, basi nikuchagulie na hii: ile ndogo isiyotuna kwenye shati, au ile kubwa kidogo.

Huku baridi imeanza. Bado nawaogesha wazee kule Kista, na mgongo unaniuma. Kwaya imepata mpiga kinanda mpya, Mkenya, anapiga haraka kama anafukuzwa.

Wilfred hujamuulizia. Ni mpwa wako, na unajua yuko mahabusu tangu Pasaka kwa kumpiga mwenzake risasi. Polisi waliniambia aliibeba bastola wiki nzima ndani ya koti lake la baridi. Koti lile nililinunua mimi, kubwa kupita kiasi, ili akue nalo, kama mama alivyotununulia sare za shule. Kila asubuhi nilimkumbatia mlangoni na sikuhisi kitu. Namwambia, "Mungu akutangulie, mwanangu," ananiaga kwa Kiswidi, "Hejdå, mamma," anaondoka nayo.

Na wewe unaniuliza ipi inafichika vizuri.

Chukua ile kubwa, kaka. Chukua inayotuna, ili wifi akikukumbatia ajue amekumbatia nini.

Dada yako,
Veronica