Kaka ameniachisha pikipiki bila kuniuliza

Jumanne, Mwabungo. Mvua ya asubuhi imekatika, joto limezidi, na mimi nimefura kwa hasira.

Pale Diani ninaposafisha vyumba vya wageni yupo mama mmoja kutoka Iran, Bi Nasrin. Wiki iliyopita alinisimulia kuhusu mdogo wake wa kike, aliyekamatwa na polisi huko kwao akiendesha pikipiki, mtandio umemteremka mabegani. Akaniuliza kama mimi wangu nauvaa kwa kulazimishwa. Nikamwambia la, naupenda.

"Basi ndicho tunachotaka na sisi," akasema. "Tuulizwe."

Nilimpa pole. Kisha nikajisifu: mimi najifunza pikipiki, na hapa kwetu hakuna anayenizuia.

Leo nimefika uwanjani kwa somo la nne, mwalimu hanitazami usoni. "Kaka yako alikuja jana. Amesema umeacha."

Nina miaka thelathini na moja.

Nikaenda moja kwa moja dukani kwa kaka Bakari. Huyu ndiye aliyewaona wanawake wa Iran wakikamatwa kwenye taarifa ya habari, akatikisa kichwa na kusema wanaume wanaowakamata hawana utu. Nilimkumbusha maneno yake mbele ya wateja.

"Yale ni mambo ya serikali," akasema. "Mimi nakulindia heshima yako."

"Uliniuliza?"

Akaendelea kupima misumari.

Ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki, na sijawahi kumpandishia sauti. Leo nimempandishia. Nilimwambia heshima yangu ninayo mwenyewe, hakupewa aitunze. Nikatoka kabla machozi hayajaniponyoka, maana angedhani nimeshindwa.

Nikarudi uwanjani. Nikamwambia mwalimu kwamba mwanafunzi ni mimi, na akitaka kujua kama nimeacha aniulize mimi. Akanung'unika kuwa hataki ugomvi na watu. Nikasimama pale pale juani mpaka akanipa kofia ya pikipiki.

Nimezunguka uwanja mara sita. Injini ilinizimikia mara mbili, na wanaume waliokuwa wakinywa kahawa upande wa pili wakacheka. Nao wacheke.

Tangu alasiri kaka anapiga simu, sipokei. Mama naye ametuma ujumbe: nimwombe kaka radhi. Nimeanza kuiandika hiyo radhi, nikaifuta. Nimeanza tena.

Radhi ya kosa gani?