Machozi Uliyoyaita Dhambi

Kwako Baba Baraka,

Dada yako Mercy alifika kwangu Junda jana, akanipa salamu zako kutoka Voi. Alisema unaumwa sana na unaomba nikusamehe. Nilimpikia chai, akanywa, akaenda zake. Jibu lako ni hili.

Unalikumbuka kanisa letu la mabati pale Kisauni, wewe mchungaji, mimi mke wa mchungaji? Kila Jumapili ulisema, "Aliyeokoka hatendi dhambi tena. Mimi tangu niokoke sijatenda hata moja." Watu wakaitika amina. Yangu ilisikika kuliko zote, kwa sababu nilikuamini.

Kisha Baraka akatufia, kwa homa ya ghafla, ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Tulimzika asubuhi. Jioni ukanikuta nimelala sakafuni, fulana yake usoni mwangu, na Bi Mwanaisha, jirani yetu, amenipakata kichwa.

"Lia, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Usijizuie."

Ukamwomba atoke. Ukaniambia kulia vile ni kumnung'unikia Mungu, na manung'uniko ni dhambi. Jumapili ukanisimamisha mbele ya kanisa nitubu. Nilitubu, huku maziwa yakinilowesha gauni kifuani, watu wote wakiona.

Mwaka uliofuata mama yako akafariki. Kule Voi, kaburini, ulijitupa chini, ukakumbatia udongo, ukapiga mayowe mpaka wajomba zako wakaja kukuinua. Nilisimama nikakutazama tu. Sikukuonea huruma. Njiani tukirudi nikakuuliza, "Na yale yalikuwa machozi gani?"

"Yale yalikuwa ya upendo," ukasema. "Wewe huwezi kuelewa."

Nilisubiri Jumapili. Wakati wa ushuhuda nikaomba kipaza sauti, nawe ukanipa huku unatabasamu. Nikawaeleza watu yote: mayowe, udongo, na hilo jibu lako la njiani. Kisha nikakugeukia. "Mchungaji, simama utubu."

Tabasamu likakutoka usoni. Mzee wa kanisa akainamia viatu vyake. Huko nyuma mjane mmoja akaanza kumlilia mumewe, ambaye ulimkataza kumlilia siku ya maziko. Mwingine akafuata, na mwingine, mpaka kanisa zima likawa matanga. Ukatoka kwa mlango wa nyuma na hukurudi tena, kanisani wala nyumbani. Sitakuficha, nilifurahi. Hata leo nikiukumbuka uso wako ule, nafurahi.

Mercy anasema siku hizi unakiri kwamba hata aliyeokoka hukosea. Ungeyasema hayo nikiwa sakafuni, ningekushika mkono tukalia pamoja.

Mimi kanisa sijaliacha. Naenda, naimba, naomba. Sokoni nadanganya kidogo, nyumbani naghadhibika, natubu, halafu narudia yale yale. Ndivyo nilivyo, na Mungu ananijua. Lakini hili la kwako silitubu. Najua kutosamehe ni dhambi, kwa hivyo usimtume mtu tena kuja kunihubiria. Naitenda nikiwa na akili zangu timamu, na siku nitakapoulizwa, nitajibu mwenyewe.

Ukipona, upone. Ukifa, nitakuja kukuzika, na sitatoa chozi.

Ni mimi,
Mama Baraka