Yaliyompata Mulinge Kule Rombo

Jumanne, 4 Machi 2025
Simu imelia nikikata vitunguu, ni ile app ya picha: "Mulinge ameweka kitu kipya! Usipitwe!" Nikapangusa mikono mbio. Bwanangu yuko Rombo tangu Jumapili akitafuta nyanya, na kupiga simu ni shida. Kumbe ni ile picha yake na mbuzi, ya Krismasi ya 2021! Hiyo mbuzi tulikula hadi kwato. Wajinga hawa wa app, picha ya zamani wanaiita mpya.

Lakini nimefikiria. Kama wao wananidanganya na nabonyeza, mimi Nzisa nashindwa nini? Kibanda changu cha nyanya hapa Noonkopir kimelala, wateja hakuna.

Jumatano, 5 Machi
Mulinge amepiga asubuhi. Amepata nyanya bei ya kutupa, anapakia, atafika jioni. Charge ya simu yake ilikuwa inaisha.

Nikapost: "Yaliyompata bwanangu Rombo… bado natetemeka. Bonyeza uone!" Ukibonyeza, unaona nyanya na bei. Like mia tatu kabla ya lunch! Wateja? Hakuna. Wote wameandika "pole mama". Pole ya nini sasa?

Jioni imepita. Mulinge hajafika. Labda pancha.

Alhamisi, 6 Machi
Hakuna mtu alibonyeza! Hata mmoja!

Saa mbili asubuhi, Waceke wa kanisani huyo mlangoni na sukari, majani chai na sufuria ya kanisa, ile ya matanga. Nyuma yake akina mama wote. Nikasema jameni, ni nyanya! Waceke akanikumbatia: lia tu, mama, usijikaze. Wameteka jikoni yangu. Mmoja anauliza picha nzuri ya Mulinge iko wapi.

Nilikuwa nacheka, haki. Halafu Mwaitu akaingia, mama yake Mulinge, ametoka Machakos na presha yake. Mguu mmoja kiatu, mwingine slipaz. Kicheko kikaniisha. Nikapiga magoti nikamwambia ukweli wote. Hakunitukana. Alisema tu: basi mpigie nimsikie.

Nimepiga mara kumi na moja. Hapatikani. Tangu jana asubuhi hapatikani. Naogopa. Nimejifungia bedroom, naandika simu ikiwa mapajani. Sebuleni wameanza wimbo. Mungu wangu, mlete tu, hata bila nyanya —

Simu! "Mulinge ameweka kitu kipya!"

Wimbo umekatika, wamesikia mlio. Mwaitu anagonga mlango: Nzisa, ni yeye? Ni mtoto wangu?

Nimebonyeza.

Ni ile mbuzi.