Picha Nne za Kaka Selemani

Magomeni, Mtwara

Dada Zuhura mpenzi,

Sijambo, ila mihogo ya huku imeshaninenepesha.

Jana kaka yetu Selemani alitundika sokoni Ziwani picha nne alizoichorea ofisi ya kilimo. Hazina neno hata moja, maana bwana mkubwa wake anasema watu wa huku hawajui kusoma. Ya kwanza, mkulima kalala kivulini. Ya pili, Mzungu anamnyooshea kidole. Ya tatu, mkulima analima, jasho linamtoka. Ya nne, nyumba nzuri ya bati.

Kaka, kifua mbele, akauliza wameelewa nini.

"Maskini, kakatishwa usingizi," akasema mama mmoja muuza samaki.

"Na hiyo nyumba?"

Soko zima likajibu: "Ya Mzungu!"

Bwana mkubwa mwenyewe, Mzungu anayekijua Kiswahili, alikuwa pale; akawa mwekundu, akaamuru zishushwe zikaandikwe maneno. Wasiojua kusoma sasa wanaandikiwa! Kaka hajala tangu jana; samaki wake nimemlia mimi.

Nibusie watoto, Mungu awalinde. Geuza kadi hii ya posta uone picha ya gati jipya: Mzungu mmoja mbele, mikono mfukoni, na wabeba mizigo nyuma yake. Nayo haina neno. Msomee mama.

Mdogo wako,
Somoe