Kikombe Alichonipa Petro

Ng'ambo, Tabora

Kaka yangu Yakobo,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute kifua kimepata nafuu, na mvua za Muheza ziwe zimewaachia mahindi. Mimi mwili hauna neno, ila nina hasira hata chakula hakishuki.

Nimesikia jirani yetu wa huko anayefanya kazi reli amewaambia nimefukuzwa chuoni kwa ulevi. Kaka, unanijua. Sikiliza ilivyokuwa.

Nilikuja huku kijana, kufundisha hesabu kwenye chuo cha ualimu, wakanibebesha na mpira. Uwanja haukuwapo, ulikuwa pori. Tuling'oa visiki mimi na wanafunzi mpaka viganja vikachubuka. Alfajiri nilikimbia nao njia ya zamani ya misafara hadi Kwihara na kurudi. Mvi zimeniotea uwanjani pale. Niliowafundisha leo ni walimu Nzega na Igunga.

Mwaka huu tukaifunga timu ya reli, iliyokuwa ikituonea siku zote. Wakati wa kupiga picha, mkuu mpya wa chuo akamweka katikati ya timu kijana wa Kizungu wa ofisini kwake, ambaye mazoezini hakuwahi kukanyaga, eti ndiye mwalimu wao. Mimi akaniambia, "Wewe kaa pembeni, nishikie koti."

Nikalishika, kaka. Baada ya miaka yote ile, nikashika koti.

Nahodha wetu Petro, mtoto wa mjane wa Kwihara, akatoka kwenye mstari na kikombe cha ushindi, akanikabidhi mbele ya watu. "Hiki ni chako, mwalimu," akasema. Watu wakashangilia. Kesho yake Petro akafukuzwa, na alikuwa amebakiza mtihani wa mwisho tu.

Nikaenda ofisini. Mkuu hakuniambia niketi.

"Kijana hana kosa," nikasema. "Kama kuna wa kuondoka, ni mimi."

"Basi kiri mbele ya walimu kwamba wewe ndiye uliyemchochea. Kisha uondoke."

Nikakiri uongo ule nimesimama, na wenzangu niliokula nao miaka yote wakatazama sakafu. Petro akarudishwa darasani. Hilo la ulevi wameliongeza wenyewe nilipokwisha kuondoka.

Baadaye mama yake Petro akanijia. "Mwanangu hali chakula," akasema. "Anataka kwenda kusema kwamba hukumchochea."

"Mwambie akithubutu nitamchapa, ukubwa wake wote huo. Afanye mtihani."

Ameufanya, amefaulu, na cheti anacho. Ndiyo maana nilinyamaza hadi leo. Sasa yeyote atakayekuuliza, mweleze yote.

Umeniandikia nirudi nyumbani nitulie. Sirudi bado. Nimepanga chumba kwa fundi baiskeli hapa Ng'ambo, naye na mafundi wenzake wana timu. Wanacheza pekupeku na wanagombana na refa, lakini wananisikiliza. Jumamosi tunacheza na chuo. Wale ni vijana wangu, nimewafundisha mwenyewe, na Mungu anisamehe, nataka tuwafunge.

Nisalimie shemeji mpika mihogo, dada Agnesi wa kwaya, na mjomba mchunga mbuzi. Mwambie mama sijambo, na usimsomee habari ya koti.

Ni mimi mdogo wako,
Mikaeli