Bisibisi Kati ya Meno

Kaka yangu,

Sisi wazima. Mama ameshonea viti vitambaa vipya na sasa hataki mtu avikalie.

Umeuliza kwa nini Baba akipigiwa simu anajibu "haya, haya" kisha anakata. Ngoja kwanza nikusimulie kazi yake, maana yule mzee bado ni moto wa kuotea mbali.

Juzi tuliletewa kompresa ya gereji, ile mashine ya kujaza upepo, pistoni imekwama. Fundi wa mwanzo aliusugua ukuta wa silinda mpaka ukang'aa kama kioo. Baba akacheka: "Ukuta laini hivi, oili itashika wapi?" Akauchora kwa msasa mikwaruzo myembamba inayopishana, ili oili ikae humo, chuma kisilane na chuma.

Tulipoiwasha, ikawa inagongagonga. Baba hakutega sikio kama zamani. Aliuma mpini wa bisibisi, ncha akaigusisha kwenye silinda, akafumba macho. Mwenye gereji akadhani ni mzaha.

"Boliti ya chini imelegea," Baba akasema.

Nikaikaza, na ule mlio wa kugongagonga ukaisha. Mwenye gereji akamshukuru kwa sauti, akiwa nyuma yake. Akarudia. Baba hakugeuka.

Hajatuambia, nasi hatujathubutu kumuuliza. Basi acha simu, mwandikie. Na siku ukija, usimwite kutoka mlangoni. Weka kiganja kwenye benchi lake la kazi, uligonge polepole. Atajua ni wewe.

Ni mimi dada yako mdogo, unisamehe madoa ya oili.