Propela Tatu na Masikio ya Baba

Ofisi ya Chama cha Wavuvi,
Chumba cha Nyuma.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, nakuomba uhakikishe uko peke yako, na ukimaliza kusoma uifiche barua hii mahali ambapo hata Mama Mkubwa hafagii. Neno hata moja lisimfikie mtu. Nimeahidi kwamba sitasema, na sasa naivunja ahadi hiyo kwa mkono wangu mwenyewe.

Natumaini hujambo, na lile goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Sisi tunaendelea vizuri. Mama anakohoa kidogo asubuhi, anasema ni vumbi. Mimi nakula, ila usingizi umenipungukia, na sababu yake utaiona.

Kazi ya ukarani bado naifanya. Nakaa kati ya makopo ya rangi na maboya yaliyopasuka, na mtu akitaka kunisalimu lazima kwanza ahamishe kitu. Mwezi uliopita chama kiliamua kubadilisha propela za boti zote nne, kwa sababu zile za zamani zimelika mapanga na boti zinakunywa mafuta bila kwenda. Zikaletwa tatu za kujaribu: ya kumi na moja, ya kumi na tatu na ya kumi na tano.

Wewe ulihama kabla ya mashine hizi, kwa hiyo nikueleze. Namba ile ni hatua, yaani inchi ambazo propela ingesogea mbele kila inapozunguka mara moja. Hatua ikiwa fupi mno, mashine inazunguka ovyo kupita kiasi. Ikiwa ndefu mno, mashine inabebeshwa mzigo isiouweza. Hizi zetu, zikifunguliwa mafuta yote, zinatakiwa zizunguke kati ya mara elfu tano na elfu tano na mia tano kwa dakika. Chini ya hapo zinaungua ndani kidogo kidogo, halafu zinazimika siku ambayo nchi kavu haionekani.

Boti ya majaribio ikawa ya Baba. Unajua wanavyomwita Daktari. Mtu mwenye mashine mbovu huileta, Baba akaisikiliza amefumba macho, akasema plagi ya pili imekufa, na kweli imekufa. Desturi ya hapa ni kwamba nahodha ndiye anayechagua propela, tena kwa sikio. Mita ya mizunguko na fomu yangu wanaviona kuwa mambo ya ofisini.

Tulitoka Jumanne saa mbili asubuhi. Masanduku ya barafu tuliyajaza maji, tukapakia nyavu na mafuta ya safari nzima, kwa sababu boti tupu huonekana hodari kwa propela yoyote. Wavuvi wake wote wanne walikuwemo. Nilikaa nyuma karibu na mashine, nimekumbatia fomu ndani ya mfuko wa plastiki.

"Karani, ukitapika usitapikie hesabu zetu," alisema mmoja wao, ambaye wanamwita Redio kwa kuwa hazimiki.

"Huyo akitapika ataandika na saa," mwenzake akamjibu.

Wakacheka. Baba naye alicheka, nyuma kidogo ya wengine. Wakati ule sikulitilia maanani.

Ya kumi na moja ilipanda hadi elfu tano na mia nane, na boti ikatetemeka mpaka meno yangu yakagongana. Baba akatikisa kichwa. Tukarudi ufukweni, tukainua mashine, tukafungua nati na kufunga ya kumi na tatu. Ilifika elfu tano na mia mbili, boti ikanyanyua pua na kwenda sawasawa. Tukarudi tena, tukafunga ya kumi na tano. Hii haikuvuka elfu nne na mia moja. Mashine ilikoroma kama mtu anayesukuma kabati kupanda ngazi. Hata mimi nisiyejua kitu nilisikia inateseka.

Baba aliweka kiganja juu ya kifuniko cha mashine, akafumba macho. "Hii ndiyo yenyewe," akasema. "Imetulia."

Redio alinitazama, mimi nikatazama mita. Mwishowe akasema polepole, "Haya. Daktari kasema."

Ndipo nilipoelewa, Baba Mkubwa. Baba hasikii. Alikuwa anaipima mashine kwa mkono tu, na kwenye kiganja ule mkoromo mzito unaonekana kama utulivu. Nikakumbuka anavyoiongeza redio sauti pale nyumbani mpaka Mama anaomba radhi kwa majirani, na anavyotabasamu ukimuuliza swali, badala ya kujibu.

Sasa sikia kosa langu. Fomu ile ndiyo meneja angeitumia kuagizia propela za boti nyingine tatu. Niliona nikiandika ukweli, kila atakayeisoma atajua kwamba Daktari kachagua propela inayoua mashine, na watauliza kwa nini. Nahodha asiyesikia hawamwachii usukani. Nikabadilisha mistari miwili: elfu tano na mia mbili nikaipa ya kumi na tano, elfu nne na mia moja nikaipa ya kumi na tatu. Meneja akasaini bila kuangalia. Baba akachukua nakala yake.

Alhamisi mchana Baba alikuja ofisini. Alihamisha boya, akafunga mlango, akaiweka nakala mezani.

"Kumi na moja, elfu tano na mia nane," alisoma, kidole kikifuata mistari. "Kumi na tatu, elfu nne na mia moja. Kumi na tano, elfu tano na mia mbili. Hatua inarefuka, mizunguko inashuka, halafu inapanda tena. Tangu lini?"

Mimi niliyepata alama zote za hesabu darasani sikuwa nimeliona hilo. Hatua ikirefuka, mizunguko hupungua. Nahodha yeyote angejua kwamba namba zile haziwezi kuwa za kweli.

"Mita ndiyo imekosea, au ni wewe?"

Nikaanza kuzikunja pembe za nakala. Alinitazama usoni muda mrefu, kama anavyotazama maji kabla ya kuingiza boti.

"Basi ni mimi," akasema.

Alivuta kopo la rangi akakaa, akaniambia mwenyewe. Ni mwaka wa pili huu. Filimbi ndizo zilizoanza kupotea, wakafuata ndege, ikafuata sauti ya Mama kutoka jikoni. "Mama yako namsoma midomo," alisema. "Akinipa mgongo nasema ndiyo, na mpaka sasa ndiyo imenisaidia kuliko hapana." Akacheka. Mimi nililia, akanipangusa kwa ncha ya shati lake lenye grisi, na uso wangu ulinuka mashine siku nzima.

Ijumaa asubuhi tulitoka wawili tu, na magunia ya mchanga mahali pa wavuvi. Nilisoma mita na kumwonyesha kwa vidole: maelfu mkono wa kulia, mamia mkono wa kushoto. Yeye kiganja juu ya mashine. Ya kumi na tatu tuliirudia mara tano mpaka mkono wake ukaijua. "Sasa nimeishika," alisema, na nilimwona amefurahi kweli.

Niliandika fomu mpya, nikamwambia meneja kwamba nilichanganya mistari. Alinisema mbele ya watu, akaniita karani wa maboya, na sikujali. Redio aliposikia alishusha pumzi akasema, "Nilijua Daktari hawezi kukosea, ni makaratasi." Nikamwitikia. Boti zote nne zitafungwa ya kumi na tatu.

Lakini propela haikumaliza jambo, Baba Mkubwa. Kuna asubuhi zenye ukungu, ambapo chombo kingine hujulikana kwa honi tu. Nilimuuliza Baba, honi je? Akasema, "Niache nimalize msimu huu," akaniapisha. Nikakubali kwa sababu nampenda. Sasa kila boti ya Baba inapotoka nahesabu watu watano ndani yake, na nahesabu tena inaporudi.

Kuanzia tarehe 1 Aprili boti zitapandishwa kupakwa rangi, wiki mbili. Ndiyo nafasi pekee ambayo anaweza kusafiri bila mtu kuuliza. Huko kwenu kuna hospitali yenye daktari wa masikio. Nakuomba umwite. Kaka yake akimwita, hawezi kukataa. Boti zikirudi majini kabla hajapimwa, itabidi nimwambie meneja mimi mwenyewe, na sijui baada ya hapo nitamtazama Baba vipi.

Nisalimie Mama Mkubwa, wale mapacha, na Bibi Mdogo kama bado anakuja kusuka mikeka barazani kwenu. Mungu akulinde, akutunzie goti na macho, na akupe miaka mingi ya kutusikiliza.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda na kukutegemea,

Karani wako.

Jibu lako lisije nyumbani, kwa sababu Baba ndiye anayepokea barua. Tuma hapa ofisini, na juu ya bahasha andika "Karani, Chumba cha Nyuma". Ukitaka kupiga simu, piga ya ofisi kati ya saa saba na saa nane mchana, meneja anapokwenda kula. Akipokea mtu mwingine, uliza kama maboya yamefika, kisha ukate. Baba mwenyewe usimpigie, maana huweka spika hadi mwisho na mtaa mzima utajua. Yeye mwandikie, kwa herufi kubwa kidogo, na mwambie kwamba wewe ndiye unayemhitaji.